Masaa Saba ya Ermes

Kama hujawahi kumwona mwanamume mzima akidanganya mbele ya kanisa mchana kweupe, njoo Ravost Jumamosi ya mwisho ya Juni, asubuhi ya Mbio za Neno. Wanapanga mstari na baiskeli zao mbele ya meza ya kaka yangu Duilio, wamevaa zile kaptula za kubana, na mmoja mmoja anataja kwa sauti masaa atakayotumia kuvuka milima mitatu na kurudi palepale uwanjani. Aliyetangulia kufika hapati kitu kwetu. Ana haraka zake, shauri yake. Zawadi, gurudumu zima la jibini, ni ya yule anayefika karibu zaidi na neno lake mwenyewe. Saa za mkononi, simu, na vile vidude vya kwenye usukani vinavyohesabu mpaka mapigo ya moyo, vyote vinaingia kwenye kapu la Duilio kabla mtu hajakanyaga pedeli. Unabaki na miguu yako na akili zako. Ukifika ndani ya dakika tano za neno lako, kabla au baada, Duilio anapanda mnarani na kukupigia kengele ndogo. Ipo miaka inapita kengele haijalia hata mara moja.

Sababu ni hiyo ninayokwambia, uongo. Mwanamume wa bonde hili akisimama mbele ya ile meza anakumbuka siku yake bora kuliko zote, anaipunguza kidogo, halafu anaitamka kana kwamba ndiyo kawaida yake. Anahesabu kupanda tu. Hahesabu tumbo, wala kona zenye kokoto, wala kwamba mlima wa tatu unapandwa na miguu iliyokwisha kupanda miwili.

"Tarcisio," Duilio aliita. "Sema neno lako."

"Masaa matano," akasema Tarcisio mwenye bucha, akivuta tumbo ndani.

"Mwaka jana pia ulisema matano."

"Mwaka jana nilikuwa na mafua."

"Mwaka jana tulikuokota na gari la maziwa," nikasema mimi, na uwanja mzima ukacheka.

Mimi ni Santina. Sijaolewa, sababu zangu ninazo, na mdomo wangu hauna breki. Siku ya mbio nakata jibini kwenye meza ya chakula juu ya Forca Alta, mlima wa mwisho, pamoja na Nives, binti wa kaka yangu, ambaye ndiye msonga polenta, ugali wetu wa mahindi. Asubuhi ile sufuria la shaba lilikuwa limeshapakiwa garini na tulipaswa kuwa njiani, lakini Nives alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, ufunguo mkononi, haingii. Alikuwa anamsubiri mtu mmoja aseme.

Mtu huyo alikuwa wa mwisho mstarini. Ermes, seremala wa mapaa, miaka thelathini na nane, mabega ya kubeba boriti na macho ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa. Miaka minne nyuma alikuwa mchumba wa Nives. Alipata kazi Austria, huko ng'ambo ya mlima, akamwambia, "Nitarudi Pasaka." Pasaka ilifika, Nives akaoka mkate, akaweka sahani ya nne mezani pamoja na zetu tatu, na mimi ndiye niliyeiondoa jioni kwa sababu yeye hakuweza kuigusa. Ermes akasema majira ya joto. Kisha akasema Noeli. Alirudi kweli, mwaka jana wakati wa kuvuna viazi, ana kazi yake hapahapa sasa, na hajamtazama mwanamke mwingine, hilo mimi mwenyewe nimelipeleleza. Lakini Duilio hakutaka kumsikia.

Duilio ndiye anayetia ufunguo saa ya kanisa tangu alipokufa baba yetu. Kwake mtu anayesema muda na asiufikie ni sawa na mtu aliyekuibia. Wiki ile, Nives alipotaja jina la Ermes mezani, kaka yangu aliweka kijiko chini.

"Aje kwenye mbio," alisema. "Aseme neno lake mbele ya watu, alifikie. Akilifikia, atakula hapa kesho yake, na mimi mwenyewe nitamkatia mkate. Asipolifikia, jina hilo lisitajwe tena nyumbani kwangu."

"Baba, mimi nina miaka thelathini na sita."

"Najua. Nilikuwepo ulipozaliwa."

Nives angeweza kubishana. Hakubishana, na hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anataka jibu. Alimpenda Ermes mpaka akakonda, lakini alikuwa amechoka kumwekea mtu sahani.

Basi, tuko uwanjani. Ermes akavua saa, akaiweka kwenye kapu taratibu.

"Sema neno lako," Duilio akasema, bila kuinua macho.

"Masaa saba."

Watu kwanza walidhani wamesikia vibaya. Halafu mtu akacheka kwa pua, na Tarcisio akasema, "Saba? Mama yangu anaweza saba, tena akipitia sokoni."

Duilio sasa alimtazama. "Kwa miguu hiyo, saba?"

"Saba, Mzee Duilio."

"Sheria unazijua. Ukishavuka Forca Alta hakuna kusimama. Anayejificha nyuma ya nyumba akisubiri saa yake ifike, namfuta."

"Sheria nazijua, mzee. Sitasimama baada ya Forca."

Nikageuka kumtazama Nives. Uso ulikuwa umemshuka. Alifungua mlango wa gari, akaingia, akawasha injini kabla hata mimi sijaketi vizuri.

Tukaanza kupanda kona za kwanza. Nives akiendesha akiwa na hasira hukanyaga klachi kama anaua mende, na sufuria nyuma lilikuwa likigonga kila kona.

"Sema," nikamwambia. "Usije ukalisema kwenye polenta."

"Amejificha, Shangazi. Anaweza masaa sita. Sita kamili, nakuhakikishia, si pungufu si zaidi. Ameamua kusema saba aje azubaezubae njiani apate kengele ya bure. Baba ataona ni hila, na kweli ni hila."

"Wewe masaa sita umeyajuaje?"

Akakata kona nyingine.

"Nives."

"Nimekuwa nikipanda naye," akasema. "Tangu theluji iyeyuke. Jumanne na Ijumaa, baada ya kukamua."

"Aa. Na mimi nikadhani unakwenda kutazama uzio."

"Uzio pia nilitazama."

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, kisha macho yakamjaa maji. "Mara ya mwisho tulikaa kwenye ukuta wa daraja, tukapiga hesabu pamoja. Yeye alisema matano. Nikamwambia, Ermes, si matano, ni sita. Akaniambia, najua ni sita, lakini nilitaka upende. Nikamwuliza, na Pasaka pia ulitaka nipende? Akainama, akatazama maji. Tuliachana hapo, sikumwona tena mpaka leo. Na leo anakuja na saba. Ama anasema pungufu ama anasema zaidi. Hivi ule ukweli wenyewe atausema lini?"

Nilimpa leso yangu, nikamwambia ashike usukani kwa mikono miwili.

Juu ya Forca Alta kulikuwa kumetulia. Ng'ombe walikuwa mbali kwenye mteremko, kengele zao zikisikika na kupotea, na ukungu umekaa chini bondeni. Tuliweka meza, tukawasha kuni, Nives akasonga polenta ya kwanza. Kwa wanaojua ugali sina haja ya kueleza mengi, isipokuwa wa kwetu unakaa motoni muda wa misa ndefu, saa zima, na mwiko haupumziki. Unajua umeiva pale unapoachana wenyewe na ukingo wa sufuria na ukoko kushika chini. Ule ukoko ni wa Duilio. Kila mwaka tunamrudishia sufuria halijaoshwa, anaubandua kwa kijiko, anaula na maziwa, na ole wake atakayeugusa.

Waendesha baiskeli wakaanza kutokea konani. Wa kwanza hawakushuka hata kwenye baiskeli. Walinyakua kipande cha jibini mkononi mwangu, wakanywa huku wakikanyaga pedeli, wakatokomea. Matano yao yalikuwa yanawafukuza. Na katikati ya kundi la tatu, kabla ya wengi aliowaacha nyuma, akatokea Ermes. Alikuwa amelowa jasho, lakini anapumua vizuri, na nikaona kwa macho yangu kwamba Nives alisema kweli. Mtu huyu alikuwa kwenye njia ya masaa sita.

Alishuka. Akaegemeza baiskeli kwenye uzio, akavua kofia, akaja mpaka kwenye moto.

"Habari za hapa, Shangazi Santina."

"Nzuri. Umevunja kitu?"

"Hapana." Akamgeukia Nives. "Naomba polenta."

Nives hakumtazama. "Hiyo hapo, imeiva. Chukua sahani."

"Hiyo siitaki. Naomba uinjike nyingine, mwanzo kabisa, maji na unga. Nitaisonga mimi."

"Ermes, uko kwenye mbio."

"Najua nilipo. Barabara ni masaa sita, ulinifundisha wewe. La saba ni la hapa."

Kisu changu kilisimama juu ya jibini. Nives naye alisimama vilevile, na mwiko mkononi. Tarcisio alikuwa ndiyo kwanza anaibuka konani, mwekundu, akisukuma baiskeli kwa mkono, na nilimwashiria kwa kisu apite asiseme kitu. Akapita, maskini, hata jibini hakuomba.

"Umelipangia saa zima hapa?" Nives akauliza, sauti imeshuka.

"Polenta moja. Sina saa, lakini polenta naijua inachukua muda gani. Ikiachana na sufuria, naondoka."

Nives alimimina ile iliyoiva ubaoni kwa ajili ya wengine, akasugua sufuria kwa mchanga na maji, akaweka maji mapya. Yalipochemka akamwaga unga, akampa Ermes mwiko. Nikasogea upande wa pili wa meza. Nilisogea kwa heshima, si kwa umbali wa kutosikia.

Ermes alisonga. Nives alikaa kwenye gogo, magoti yamekunjwa, akiangalia mikono ya Ermes. Mimi ni mzee lakini si kipofu. Ile haikuwa namna ya kutazama mwiko.

"Unakumbuka miaka minne nyuma?" Ermes akasema. "Kabla sijaenda Austria. Ulikuwa umesimama hapohapo na kikombe cha supu, umeninyooshea. Nilikupita."

"Ulisema, nitakunywa mwakani."

"Nilikuwa nimesema matano mbele ya watu. Nilikuona, Nives. Nilikuona vizuri sana, upepo ulikuwa umekutoa nywele kwenye kitambaa, nikasema moyoni nikisimama nitachelewa. Na bado nilichelewa. Nilifika meza zimeshakunjwa."

"Nilikuwa bado na kikombe," Nives akasema. "Supu ilipoa nikainywa mwenyewe."

Ermes aliendelea kusonga. Polenta ilikuwa inaanza kuwa nzito, ikitoa mapovu makubwa yanayopasuka polepole.

"Kule Austria," akasema, "kila uliponipigia simu kuniuliza nitarudi lini, nilisikia sauti yako inavyongoja. Nikasema neno ambalo lingeifurahisha. Nilipokata simu nilijua si kweli. Paa lilikuwa halijafika nusu na mkataba umefungwa. Ningekwambia miaka miwili, ungelia mara moja."

"Badala yake nikalia mara tatu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia miaka miwili, ningekungoja miaka miwili," Nives akasema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya maziwa, na ndiyo maana iliniingia mpaka kwenye mifupa. "Sikushindwa kungoja, Ermes. Nilishindwa kutojua."

Mwiko ukasimama. Ermes alimtazama, na macho yake kwa mara ya kwanza hayakuomba radhi, yalikuwa yanamtazama tu.

"Endelea kusonga," nikasema mimi, "itashika madonge."

Wakacheka wote wawili, na Nives akainuka, akasimama karibu naye, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Ermes pale kwenye mwiko. Wakasonga pamoja. Nilikata jibini nyingi ambayo hakuna aliyeihitaji. Baiskeli zilikuwa zinapita, moja moja, halafu zikawa chache, halafu barabara ikawa tupu.

Ni ule utupu ulioharibu mambo. Nives aliangalia barabara, akaangalia jua, akaangalia tena barabara. Nilimwona hofu ikimpanda. Akauondoa mkono wake. Akachungulia sufuriani, akamwangalia Ermes, akachungulia tena.

"Imeiva," akasema.

Ermes akachungulia pia. Polenta ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa shaba pande zote. Hata mimi kwa mbali niliona.

"Imeiva?" akauliza.

"Imeiva. Nenda."

Alimtazama muda kidogo. Akachota kijiko kimoja, akala, akameza. Akavaa kofia, akachukua baiskeli. "Ahsante kwa chakula," akasema, na akashuka, na tukamsikia breki kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili, kisha basi.

Nives aliinua sufuria kutoka motoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Ile ni mbichi," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa mbona umemfukuza?"

"Angechelewa, Shangazi. Kila siku anachelewa. Baba angemfuta jina, na mimi ningekaa hapa nimeshika mwiko." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Bora awahi."

"Duilio hakusema awahi. Alisema afikie."

Alinitazama, na nikaona maneno yanamwingia. Tulikunja meza, tukamwagia moto maji, tukashuka.

Tulipofika uwanjani hapakuwa na kengele. Tarcisio alikuwa amelala kando ya chemchemi, miguu juu ya ngazi, akimsimulia mtu yeyote aliyepita kwamba tairi lilimwangusha. Ermes alikuwa amesimama kando ya meza ya Duilio, ameshika baiskeli yake.

"Robo saa mapema," Duilio akatuambia tulipokaribia. Hakuwa na furaha. Nilimjua kaka yangu, sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kupanda mnarani siku ile. "Robo saa na kidogo. Sijui kama nilie au nicheke, maana maisha yake yote amechelewa, leo kawahi. Nimemwuliza kwa nini, hasemi."

"Sina la kusema, mzee," akajibu Ermes. "Neno lilikuwa saba. Sikufika saba."

"Baba," Nives akaanza.

Ermes akatikisa kichwa, kidogo tu, kumwambia aache. Nilimwona. Mtu yule alikuwa tayari kuipoteza nyumba ile milele kuliko kumtaja Nives mbele ya baba yake. Na Nives, mimi nilimlea tangu mama yake alipofariki, nilimwona akirudi nyuma hatua moja.

"Basi, yamekwisha," akasema Duilio, akikaa chini kwa uzito. "Nileteeni ukoko wangu."

Sikumtazama mtu. Nilileta sufuria, nikaliweka mbele yake na kijiko. Akainama. Akapitisha kijiko chini. Akapitisha tena upande wa pili. Kijiko kilitoka na uji mlaini, wa njano, na shaba ikang'aa chini yake bila doa.

"Ukoko uko wapi?"

Akaligeuza sufuria upande wa mwanga.

Akaonja. Akaitafuna ile chenga ya unga taratibu, ulimi ukitafuta kitu. "Hii haijaiva. Santina, miaka yote hii hujawahi kuniletea polenta mbichi. Nani kaisonga?"

"Ermes," nikasema.

"Ermes kaisonga juu ya Forca? Katikati ya mbio?" Akamgeukia, na nikaona lile saa la saba likifunguka machoni pake, zima, hatua kwa hatua, kama anavyofungua mashine ya saa yake kule mnarani. Kisha akauliza polepole, "Na nani kaitoa motoni?"

"Mimi, baba," Nives akasema. "Yeye angengoja mpaka iachane na sufuria. Ndivyo alivyosema. Mimi nikamwambia imeiva. Niliogopa atachelewa."

Duilio aliweka kijiko chini. Akaonja tena, kwa kidole safari hii.

"Hii ilibaki robo saa," akasema. "Robo saa na kidogo."

Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza, hata Tarcisio alikuwa ameinuka. Kaka yangu alimtazama binti yake muda mrefu, bila ukali.

"Kwa hiyo hapa aliyekosea muda si yeye."

"Si yeye, baba."

"Kengele sipigi. Neno ni neno, na mtu hakulifikia." Akasimama, akachukua kapu lake la saa. "Lakini kesho adhuhuri aje ale. Polenta ataisonga yeye. Na wewe, Nives, usilisogelee sufuria langu."

Akaenda zake. Nilimwona akifuta pua kwa mkono wa koti, na kukohoa bila mafua.

Nives akamsogelea Ermes. Walisimama na baiskeli katikati yao.

"Ulijua haijaiva," akamwambia.

"Nilijua."

"Mbona uliondoka?"

"Uliniambia niende," akasema Ermes. "Nimekungojesha vya kutosha. Leo uliposema nenda, sikutaka kubishana na wewe."

Nives alishika usukani wa baiskeli, karibu na mkono wake, bila kuugusa. "Kesho adhuhuri, basi."

Sasa hapa nikatega sikio. Ermes wa zamani angesema ndiyo kabla hajamaliza kuulizwa. Huyu nilimwona anapiga hesabu, macho juu ya paa la kanisa, midomo inatikisika.

"Adhuhuri sitaweza," akasema. "Kuna kumpeleka mama misani na kumrudisha, anatembea taratibu, na lazima nimwashie jiko kwanza. Nusu saa baada ya adhuhuri."

Si jibu alilolitaka Nives. Lilikuwa linamchelewesha nusu saa zima, tena mbele ya baba yake. Alimtazama yule mwanamume, na machozi yakamtoka huku anacheka, na akamwambia, "Nusu saa baada ya adhuhuri. Nimesikia."

Jioni ile nikampelekea Duilio lile neno la nusu saa, na kesho yake nilikuwa jikoni. Adhuhuri ilifika, maji yamechemka, unga uko kwenye bakuli, Duilio hayupo. Nikadhani amekasirika, amekwenda kutembea. Nives alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, hata mara moja hakuchungulia nje.

Nusu saa ikapita. Kengele ndogo ya mnara ikalia, mara moja, safi. Haikuwa ya misa wala ya saa. Kaka yangu alikuwa kule juu tangu adhuhuri, ameegemea ukuta, anatazama barabara.

Nives akainuka, akafungua kabati, akatoa sahani ya nne.